Mkono au Gari? Somo la Idi kwa Sisi Wazazi



Ndugu wazazi, nanyi vijana wanafunzi, tunapenda kuwaeleza jambo lililotupata nyumbani, Nhica do Rovuma, siku ya Idi. Ni mchezo wa watoto, lakini waliofunzwa ni sisi wakubwa.

Mtoto wetu tulimnunulia gari la rimoti kutoka Mtwara, jipya, lenye betri za kuchaji. Mwenzake, yatima wa jirani, alikuwa na gari la zamani alilopewa na mjomba wake, bodi imefungwa kwa waya. Wakachora njia ya kona nne mchangani, chini ya mkorosho. Rimoti zao ziligongana mawimbi, basi kila mmoja akaendesha peke yake, tukihesabu kwa saa ya simu. Gari jipya likashindwa mara tatu.

Mtoto wetu akalia, "Betri mbovu! Ninunulieni gari kubwa zaidi." Nasi kwa uchungu wa mzazi tukamwahidi pale pale. Babu yake, aliyekuwa kimya barazani, akasema, "Kwanza wabadilishane."

Wakabadilishana. Yatima akashinda tena, na gari letu likaenda mbio kuliko lilivyowahi kwenda mkononi mwa mwenyewe.

Tulipomuuliza siri, alisema hupunguza mwendo kabla ya kona, akaongeza gari likishanyooka. Wetu alikuwa akibana rimoti mwanzo hadi mwisho, gari likiteleza na kupinduka. Tena, gari lake mwenyewe alilibandika tairi vipande vya ndala ili ling'ate mchanga. Mtoto huyu amekua akitengeneza magari ya waya na makopo.

Hatusemi kifaa si kitu. Wanaoshindana kwa magari haya ya vumbi duniani hubadilisha tairi kufuatana na udongo, na yapo madaraja ambayo wote hubanwa kutumia mota zinazolingana, ili pesa isiamue. Lakini Mjapani Masami Hirosaka alichukua ubingwa wa dunia mwaka 1987 kwa gari la Kiingereza, Schumacher, kisha akaendelea kushinda kwa magari mengine, ikiwemo Yokomo ya kwao Japani, hadi akafikisha mataji 14. Gari lilibadilika, mkono ukabaki ule ule.

Na sisi Waislamu tuna mfano wa zamani zaidi. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (radhi za Allah ziwe juu yake) katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) aliwashindanisha farasi waliotayarishwa kwa mbio kwa masafa marefu, na wasiotayarishwa kwa masafa mafupi, kila kundi peke yake. Tazameni uadilifu huo! Na ngamia wake, Adhbaa, aliyekuwa hashindwi, siku moja alipitwa na ngamia wa bedui. Masahaba wakaona uzito. Mtume akawafundisha kuwa kila kinachoinuka hapa duniani, Allah hukishusha.

Ilibaki ahadi yetu. Ahadi ni deni, na kumdanganya mtoto nako ni uwongo. Tukamwita, tukamwomba radhi kwa kuwa tuliahidi kwa hasira, tukamwambia gari tutanunua akilitaka, achague mwenyewe. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaomba betri tu, za magari mawili, akaenda kwa mwenzake kufundishwa kona. Bado anashindwa mara nyingi, lakini hasemi tena betri mbovu.

Ndugu wazazi, mtoto akifeli hesabu tusikimbilie kumnunulia kikokotoo, na akikosea Qur'ani tusilaumu msahafu. Tukae naye kwanza, tuutazame mkono wake. Na tumwangalie pia yatima wa jirani: huenda ndiye mwalimu tuliyekuwa tukimtafuta.

Wabillahi tawfiq.