Hamsini na Mbili Kutoa Ishirini na Saba

Mwaka 1976 nilikuwa na barua mbili. Ya kwanza iliniita kujifunza ufundi wa mitambo katika karakana ya reli. Ya pili iliniita kuwa mwalimu mwanafunzi papo hapo kijijini. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limetaka Elimu ya Msingi kwa Wote ifikapo 1977, na walimu hawakutosha. Hivyo sisi tuliomaliza darasa la saba tulifundisha asubuhi na kujifunza ualimu alasiri kwa miaka mitatu, tukisaidiwa na mkufunzi, masomo ya posta na redio. Nilishika barua ya pili kwa sababu mama alikuwa mjane na wadogo zangu walikuwa wanne. Hakuna aliyenishurutisha. Hata hivyo, kila gari moshi lilipopiga honi jioni niliona kama limeniacha stesheni, na kinyongo hicho nilikwenda nacho darasani.

Siku moja msichana wa darasa la tatu aliandika 52 − 27 = 35. Nilimchapa. Kesho yake akaandika 71 − 36 = 45. Nilimchapa tena, lakini fimbo ilikuwa haijatua vema nilipotambua kwamba makosa yale mawili yalikuwa na utaratibu mmoja. Nikamwuliza amefanyaje. Akajibu kwa sauti ya chini, "Mbili haitoshi kutoa saba, mwalimu, kwa hiyo nikaanza na kubwa."

Hakuwa amebahatisha. Alikuwa na kanuni yake, nayo aliifuata kwa uaminifu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika makumi na mamoja bila kumwonyesha kwamba kumi huweza kufunguliwa.

Alasiri ile nilikata mabua ya mtama, nikayafunga kumi kumi kwa ukambaa. Nikampa mafungu matano na vijiti viwili, nikamwambia aniondolee ishirini na saba. Alivishika vile viwili, akalitazama fungu moja kwa muda mrefu, kisha akaniomba ruhusa ya kulifungua. Akahesabu kumi na viwili, akatoa saba, vikabaki vitano. Katika mafungu manne akatoa mawili. Ishirini na tano.

Usiku nilifikiri juu ya karakana. Fundi niliyetamani kuwa angeusikiliza mtambo kabla ya kuupiga nyundo. Tangu hapo nilizoea kuuliza "Umefanyaje?" kabla ya kutia alama ya kosa, na ikawa honi ya jioni inanikuta nikifunga vijiti vya kesho. Sikumbuki ni lini hasa niliacha kuihesabu kuwa yangu.

Lakini yule mtoto sikumwomba radhi. Katika miaka ile mwalimu hakumwomba mtoto radhi, nami, ndugu wanachuo, sikuwa na ushujaa wa kuanza. Nimekwisha kustaafu, karakana hainirudii tena. Fimbo ile ya pili hunirudia.