Nyumba ya Rondo katika Msitu wa Kakamega

Wengi wenu mmesikia habari za msitu wa Kakamega, ulioko magharibi ya Kenya. Lakini habari za nyumba ya wageni iliyomo pengine hazijawafikia. Sisi tulikwenda kuiona, walimu watatu, nasi twaona vema kuwasimulia.

Tulitoka Kakamega mjini asubuhi, tukashika njia ya Kisumu hata Khayega, ndipo tukageuka upande wa mashariki kwenda Shinyalu. Mahali hapo pana sifa ya mapigano ya mafahali. Siku ile hawakuwapo, ingawa mmoja wetu aligeuza shingo mara mbili tatu. Tukapita mashamba ya mahindi na ya chai, na mara tukaingia kivulini, kama mtu aingiaye nyumbani kutoka juani.

Msitu huu ni wa kale sana. Wataalamu husema kwamba ni mabaki ya msitu mkubwa ulioungana na misitu ya Kongo. Ndiyo sababu humo mna ndege na miti isiyoonekana kwingine katika Kenya. Tuliwaona mbega, weusi kwa weupe, wakiruka toka tawi hata tawi. Tukawasikia hondohondo, ambao mabawa yao huvuma kabla hujawaona. Ndege hao hula matunda ya miti mirefu na kuziangusha mbegu mbali, hata twaweza kusema kwamba wao nao ni wakulima, tena wasiodai ujira.

Nyumba ya Rondo ilijengwa mwaka 1948. Mjenzi wake alikuwa mwenye mashine ya kupasulia mbao, naye aliijenga kwa ajili ya mkewe, chini ya mti mkubwa mno uitwao mzeituni wa Elgon. Jambo hili tulilizungumza sana. Mtu aliyepata riziki kwa kuangusha miti, alipotafuta mahali pa kulala, alichagua mti mmoja akauacha usimame! Wala hakuwa yeye peke yake aliyeutumia msitu. Mwaka 1931 dhahabu ilionekana Kakamega, watu wakaja wengi, na mashimo yao yalitaka nguzo, na meko yao yalitaka kuni. Mwaka 1933 serikali iliuweka msitu chini ya ulinzi, lakini mashoka hayakunyamaza.

Mwenye nyumba alipoondoka Kenya mwaka 1961, aliiacha mikononi mwa Baraza la Kikristo la Kenya. Kwa muda ilikuwa mahali pa vijana na makao ya yatima. Kisha mwaka 1966 ikawa chini ya jamaa iitwayo Trinity Fellowship. Sasa ni nyumba ya wageni, wenye kutaka kuwatazama ndege na wenye kutaka kuomba kwa utulivu. Bustani yake ina maua mengi, na nyuma ya maua msitu umesimama kama ukuta. Tuliketi barazani, wala hakuna aliyetaka kusema neno.

Hata tuliporudi, tulimkuta njiani mama mmoja mzee, ana mzigo wa kuni kichwani. Tukamwamkia, naye akaitika, "Marahaba, wanangu." Tukamwuliza kama huenda mbali kuzitafuta. Akasema, "Nilipokuwa msichana zilikuwa mlangoni. Sasa natoka alfajiri. Msitu ukiisha nitaokota wapi? Lakini jioni hii sharti nipike."

Sisi tuliokwisha kunywa chai ya Rondo, iliyochemshwa na mtu mwingine, hatukuwa na jibu. Mwenzetu mmoja akamtua mzigo, akaubeba yeye mpaka njia panda, akajikwaa mara mbili. Yule mama akacheka sana, akasema kwamba walimu wa siku hizi shingo zao ni laini. Kisha akaupokea mzigo wake, akashika njia ya kwao.