Kufuga Maji Kabla ya Samaki

Watu wengi hudhani kuwa maji yakiwa meupe yamekuwa mema. Dhana hii yatosha kwa macho, haitoshi kwa samaki. Maji mapya katika tangi la kioo yaweza kung'aa kama almasi ya Mwadui, na huku yakawa hayana uwezo wa kumhifadhi samaki mmoja mdogo kwa majuma mawili. Kinachokosekana hakionekani: ni viumbe vidogo mno, vinavyoishi kwa kula sumu aitoayo samaki mwenyewe.

Mambo huenda hivi. Samaki hupumua na kunya, na mabaki ya chakula chake huoza. Katika hayo yote hutoka amonia, ambayo huunguza matamvua. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, kwa kuwa huizuia damu kuchukua hewa. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi, mimea huila, na mfugaji huipunguza kwa kubadili sehemu ya maji. Karibu na mwaka 1890 Sergei Winogradsky, mtaalamu wa Urusi, alionyesha kuwa kazi hii ni ya makundi mawili yanayopokezana. Makundi hayo hushika juu ya kokoto, vioo na sifongo ya chujio. Huzaana polepole, kwa kawaida huchukua majuma manne hata sita kutimia.

Hapa Mhunze, makao makuu ya wilaya ya Kishapu, nina tangi la lita 60 katika chumba changu cha kusomea. Maji ya bomba niliyaacha wazi katika ndoo siku nzima, ili klorini itoke, maana huua bakteria wema pamoja na wabaya. Kisha nikatia kokoto na chujio, na kila siku chembe chache za chakula, kana kwamba nalisha samaki wasiokuwapo. Joto la nchi yetu lilinisaidia, kwa kuwa bakteria hawa hukua upesi katika maji ya vuguvugu. Walakini joto hilo hilo hupunguza hewa iliyomo majini na kuizidishia amonia ukali. Kwa hiyo pampu ya hewa si pambo, na umeme ukikatika kwa saa nyingi huteseka samaki na bakteria pia.

Juma la tatu jirani yangu, mzee mwenye ng'ombe, alilitazama tangi kwa muda, akauliza, "Mwalimu, humu unafuga nini?" Nikamjibu, "Babu, kwa sasa nafuga maji." Nilitazamia acheke, lakini hakucheka. Alisema, "Basi hiyo ni ngitili." Wasukuma huita ngitili malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo isiyaguse hata kiangazi kije. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliziinua tena ngitili katika nchi iliyokuwa imekwisha miti. Mzee aliona upesi jambo ambalo vijana wangu hawakuliona: mahali patupu pasipoguswa si mahali pasipo na kazi.

Vijana hao, wanafunzi wangu, walichoka kungoja. Waliniletea kambale wawili wachanga kutoka lamboni, wakaniomba niwatie mara moja. Niliwakatalia, nikawapa maswali manne ya kumpima kila samaki: Kinywa chake chaweza kummeza nani? Atakuwa mkubwa kiasi gani? Ataka maji ya namna gani? Ana tabia gani kwa wenzake? Kambale alishindwa swali la kwanza na la pili, kwani hula chochote kinachoingia kinywani, naye hukua kupita kiasi cha tangi. Sato alishindwa la pili, na furu dume alishindwa la nne, kwa kuwa hugombea mahali. Tulichagua gapi madume sita, samaki wadogo wanaopatana na wanaopenda maji ya vuguvugu. Kambale walirudishwa lambo lile lile walikotoka. Gapi hawataachwa lamboni hata siku moja, kwa kuwa wao ni wageni wa nchi hii.

Kijana mmoja aliona maswali hayo ni ukali mtupu. Nikamweleza habari za Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 sangara alitiwa katika ziwa hilo, lenye eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi na aina za furu zinazokadiriwa kupita 500. Watafiti wa Leiden walioanza kazi Mwanza mwaka 1977 walikuta furu tele. Miaka kumi baadaye, katika sehemu nyingi za ghuba ile, nyavu zao zilikuwa karibu hazina furu. Haki yataka tuseme pia kwamba sangara alileta viwanda, ajira na fedha, na kwamba hakutenda peke yake. Uchafu wa maji ulifanya giza, hata furu jike akashindwa kutambua rangi za dume wa aina yake. Aina kadhaa zilirudi baadaye; nyingine hazikuonekana tena.

Waliomtia sangara walitaka chakula na biashara, wala hawakuwa wapumbavu. Waliuliza samaki huyu ataleta faida gani, na jibu lilikuwa la kweli. Swali la nani atamezwa ndilo lililopewa uzito mdogo. Mwenye tangi la lita 60 akikosea huchukua kijavu, akamtoa mgeni mbaya kabla ya jua kuchwa. Kwa ziwa hapana kijavu kama hicho. Ndiyo sababu nawafundisha vijana kungoja majuma sita mbele ya kioo kitupu: wao ndio watakaoulizwa kesho nini kitiwe katika mito na malambo yetu, nami ningependa wawe wamezoea kuuliza kwanza.