Raba zangu tatu bora za kukimbilia (na namba moja si yangu!)

Najua mmenisema sana kwamba nimewatupa. Msinikasirikie jamani, zamu za usiku zimenibana. Leo nina mapumziko, mvua inanyesha Guangzhou nzima, nimepika wali wa nazi ya kopo, sasa nimetulia tuongee.

Juzi mdogo wangu alinitumia ujumbe: "Dada, katika raba zote ulizowahi kukimbilia, zipi kiboko?" Nikacheka, halafu nikakaa nikafikiri. Majibu yangu ni haya.

NAMBA TATU: Raba nyeupe za turubai, za shule. Mnazikumbuka? Zile tulizokuwa tunazipaka chaki Jumapili jioni ili Jumatatu mwalimu wa zamu asitutoe mstarini. Ndizo nilizokimbilia mita 1,500 kwenye mchujo wa UMISSETA, soli imetoboka na ndani nimeweka kipande cha boksi. Nilitoka wa nne. Ubora wake? Zilikuwa nyepesi, na zilikuwa zangu, sikumrithi mtu. Nilipofika huku nikakuta mafundi ujenzi bado wanavaa ndugu zake za kijani, wanaziita jiefang xie, yaani viatu vya ukombozi. Nusura nimsalimie fundi mmoja kama mtu wa nyumbani!

NAMBA MBILI: ASICS zangu za bluu, nilizonunua kwa mshahara wangu wa kwanza hapa. Hizo nimezungukia ziwa la Luhu asubuhi nyingi baada ya kutoka zamu, kabla jua halijawa kali. Aprili 2020, sisi Waafrika wa hapa tulipowekwa karantini, nilifungiwa siku 14. Nilizivaa nikakimbia papo hapo kati ya kitanda na mlango, jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Zilinishika kisigino vizuri na zilinipa akili. Nimezitupa mwaka jana, sponji ya soli ilikuwa imekufa kabisa. Kumbukeni, raba ya kukimbilia huchoka ndani kabla haijachakaa nje. Ikishapiga kilomita 500 hadi 800, iangalie upya.

Najua mtaniuliza mbona sijataja zile za Kipchoge, alizovaa Vienna mwaka 2019 akamaliza marathoni kwa saa 1:59:40. Ni nzuri, zina bamba la kaboni ndani na soli nene, hadi wakubwa wa riadha wakaweka kikomo cha milimita 40. Lakini hizo ni za watu wenye miguu ya kazi ile. Mimi wa Luhu zingenitegua tu.

Haya, NAMBA MOJA. Hapa naomba mnisikilize, maana wengine hamjui habari yote.

Miaka mitatu iliyopita nilimtumia Mama raba za waridi. Nilimuuliza kwenye simu, "Mama, unavaa namba ngapi?" Akasema 38, kama enzi za usichana wake. Nikanunua 38, nikapakia kwenye mzigo wa jamaa anayekwenda Dar, nikajiona mtoto mwema. Mama alizipenda mno. Akaanza kutembea asubuhi kwenda Raskazone, kama daktari alivyomshauri kwa ajili ya sukari.

Raba zilikuwa zinambana. Yeye hakusikia, maana kisukari kilishamtia ganzi miguuni. Lengelenge likapasuka, likawa kidonda, na walipoliona lilikuwa limeshaingia ndani. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kikakatwa.

Mimi nina digrii ya uuguzi. Wagonjwa wa miguu ya kisukari nimewafunga vidonda kwa mikono hii. Mgeni ningempima. Mama yangu nilimuuliza namba kwa simu. Sikuwahi kuwaandikia hili kwa sababu niliona aibu.

Sasa sikilizeni. Nakaa karibu na Tianxiu Dasha, lile jengo refu la Xiaobei ambalo kila mfanyabiashara wa Kariakoo analijua. Chini maduka, juu ofisi na makazi, kutwa nzima sauti ya selotepu ikifunga maboksi. Waafrika wamepungua kuliko zamani, lakini bado utasikia Kiswahili kwenye lifti. Siku moja humo nilikutana na mama mmoja wa Mombasa ameshika bahasha. Akaifungua: karatasi zimekatwa umbo la nyayo, kila moja ina jina la mjukuu. "Namba zao sizijui mwanangu," akaniambia, "lakini miguu yao ninayo hapa."

Usiku ule nikampigia Mama Mdogo. Nikamwambia amsimamishe Mama jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo, juu ya karatasi, achore yote miwili, kalamu isimame wima. Karatasi zikaja na msafiri.

Nikazipeleka kwenye duka la raba humo Tianxiu. Mwenye duka, Mchina wa makamo, alitoa rula akapima. Milimita 248, na upana mkubwa. Huku viatu vingi vimeandikwa milimita, kwa hiyo hakuna kubahatisha. Ile 38 yangu ilikuwa 240! Nilikuwa nimeshika raba nzuri ya zambarau, akaninyang'anya kwa upole, akaenda nyuma akaleta ya kijivu, pana mbele, laini ndani, haina mshono wa kukwaruza, 255. Haina sura yoyote jamani. Nikainunua.

Mama amezitembelea miaka miwili. Kila asubuhi anatia mkono ndani kutafuta kijiwe kabla ya kuvaa, kila jioni Mama Mdogo anamkagua nyayo. Hakuna kidonda kingine. Jana kanitumia picha yuko Raskazone, ananiambia soli imelika upande, nilete nyingine. Hakuna raba iliyowahi kunifurahisha kama hiyo iliyolika.

Kwa hiyo mdogo wangu, zile za kijivu ndizo kiboko. Hata jina lake silikumbuki.

Na nyie wote mnaoniagiza viatu Desemba hii: namba sitaki! Simama jioni, chora miguu yote miwili, andika jina. Shangazi, wewe mwenye sukari, uanze.

Mama anawasalimu sana. Tuonane wiki ijayo, zamu zikiniruhusu.