Mkwezi Aliyefundishwa Kusukuma

Kabla sijavunjika mgongo nilikuwa na mikono ya kazi. Tangu nikiwa na miaka kumi na minne nilikwea minazi ya Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, ile mirefu ya zamani ambayo vipago vyake vilikatwa na watu waliokwisha kufa. Mkwezi hasukumi kitu. Kazi yake ni kuvuta: mikono inakumbatia, mgongo unakaza, miguu inafuata. Mwaka 1999, kaskazi ikivuma, kuti nililolishika likang'oka nalo likaniacha niende zangu chini. Miguu haikuuma hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa.

Hospitali ya kwanza niliyolazwa sitaitaja. Nililala chali wiki sita, na siku waliponigeuza, kidonda cha makalioni kilikuwa kinaweza kumeza yai. Mama alinikunja magoti kila asubuhi huku akisoma Yasini. Mikono haikushughulikiwa na mtu, maana ilikuwa mizima. Basi siku ya kukalishwa, mikono ile ile iliyokuwa ikinipandisha hadi kwenye vidaka ilishindwa kunisogeza kutoka kwenye mto hadi ukingo wa kitanda.

Nilikohamishiwa baadaye kulikuwa na mtaalamu wa fiziotherapia tuliyemwita Bwana Mazoezi. Alikuwa na vibao viwili vyenye vishikio. Unakaa kitandani, unaviweka ubavuni, unanyoosha viwiko mpaka makalio yanainuka. "Pandisha! Shusha!" Kisha madumu ya maji ya lita tano, kisha chuma kilichopachikwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Alinieleza kwamba kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti kunategemea misuli ya nyuma ya mkono: kiwiko kisipokaza, unaanguka katikati. Na ukishaketi, kila nusu saa ujiinue, damu ipite makalioni, kidonda kisirudi. Nilimwamini, kwa kuwa kidonda nilikuwa nimekiona.

Jioni moja, umeme umekatika, alitusimulia habari za Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939 na kufungua wodi ya waliovunjika mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944. Kabla yake wengi wa wagonjwa wa namna yetu walikufa mapema kwa vidonda na maradhi ya njia ya mkojo. Yeye akaamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kisha akawapa michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha kwa mishale wakiwa vitini. Mimi nilisikia habari ya vidonda tu. Ule upinde ulinipita.

Nilirudi nyumbani na kiti cha msaada, kizito kama kabati. Hapo ndipo nilipoharibika, na sina wa kumlaumu, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Vijana wa kijiweni walinisifu kifua, wakawekeana dau nitainua makopo ya zege mara ngapi. Nilisukuma chuma asubuhi, nikasukuma magurudumu mchana kutwa, nikajisukuma mwenyewe kupanda mteremko wa pantoni huku nikiwakemea waliotaka kunisaidia. Miaka kumi na mbili hivi. Kisha bega la kulia likaanza kuniamsha usiku, na shati likawa linanishinda kulivaa.

Aliyenisaidia ni mtaalamu mwingine wa fiziotherapia, binti mdogo, pengine alizaliwa mimi tayari nakwea. "Shikamoo, mjomba," akaniambia, kisha akaniomba nipeleke mkono mgongoni. Haukwenda. Akanionyesha kwenye kioo jinsi mabega yangu yalivyokuja mbele kama ya mtu anayesikia baridi. Misuli ya kifua imekuwa minene, alisema, ile ya kuvuta mabega nyuma imelala. Kano za bega zinabanwa katikati ya mifupa, na kila msukumo unazisaga.

Akafunga mpira wa kufungia mizigo ya baiskeli kwenye mpera. "Vuta, mjomba. Si faili linasema ulikuwa mkwezi?"

Nikavuta. Akabonyeza chini ya kwapa langu, akashuka kwa vidole hadi kiunoni. Huo ni msuli mmoja mpana, akanieleza: unaanzia kwenye mkono na kushika hadi kwenye nyonga, lakini neva yake inatoka shingoni, juu kabisa ya mahali nilipovunjika. Kwa hiyo haukupooza. Ulikuwa umekaa hapo tangu 1999, na ndio uliokuwa ukinipandisha mnazini. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Mengine yalikuwa ya kuacha. Kujiinua kila nusu saa niache; niiname mbele, kifua mapajani, kwa dakika mbili hivi, kwa kuwa sekunde chache za kujiinua hazitoshi kuirudisha damu na zinachosha bega bure. Magurudumu niyapige misukumo mirefu na michache, mkono ushuke chini kabla ya kurudi. Ushauri huo wa misukumo, alisema, umo hata kwenye mwongozo wa Marekani wa mwaka 2005 wa kulinda mikono ya waliopooza. Ekseli ya kiti ikasogezwa mbele na fundi wa kuchomelea. Na pale kwenye pantoni nikubali kusukumwa. Hilo lilinichukua mwaka mzima, nakiri, tena mwanzoni nilimlipa kijana ili isionekane msaada.

Juzi nilimkumbuka Guttmann na wale watu wake 16. Upinde nao unavutwa.

Fundi baiskeli wa sokoni huniwekea mipira iliyotoboka. Wiki iliyopita alinipa wa pikipiki, mgumu kuliko yote niliyowahi kuifunga kwenye mpera. Niliuvuta mara nane. Ya tisa ikagoma.