Kutoka Matanzas Hadi New York: Safari ya Ngoma

Atakaye kuujua muziki wa Kuba na aanzie Matanzas, mji wa bandari ulio kiasi cha kilomita 100 mashariki ya Havana. Katika karne ya 19 sukari ilijaa maghalani mwake, na waliolima miwa hiyo walikuwa Waafrika waliotekwa na kuuzwa. Utumwa haukukomeshwa Kuba mpaka mwaka 1886. Pale ngoma zilipokatazwa, makuli wa bandarini walipiga makasha ya samaki wa chumvi na ya mishumaa. Katika mitaa yao ndimo rumba ilimokulia. Na miongoni mwa wazao wa watu wa Kongo kisiwani humo, ngoma huitwa ngoma, neno lile lile tulitumialo sisi.

Kinachoushika muziki huu ni vijiti viwili vya mti mgumu, viitwavyo klave. Jaribu mezani pamoja na watoto: hesabuni polepole kutoka 1 hadi 16, mkigonga penye 1, 4, 7, 11 na 13. Hiyo ni klave ya mtindo wa son. Wapiga rumba hulichelewesha pigo la tatu hadi penye 8, na jambo hilo dogo hubadilisha mwendo mzima. Mwimbaji, mpiga tarumbeta na mpiga piano wana uhuru wao, lakini hakuna aruhusiwaye kuikiuka klave.

Ng'ambo ya Bahari ya Karibi, mashariki ya Caracas, iko Barlovento, nchi ya mashamba ya kakao. Huko watumwa waliachwa huru mwaka 1854. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni, katika miji kama Curiepe, watu hukesha kwa ngoma katika sikukuu ya San Juan, ambaye sisi twamjua kwa jina la Nabii Yahya. Mina ni ngoma ndefu ya gogo: mmoja hupiga ngozi, na wenziwe hupiga ubavu wake kwa fimbo. Wengine hugonga ardhini vipande vya mianzi, kila kipande na sauti yake. Bara, katika mbuga za Llanos, huchezwa joropo kwa kinubi, kayamba na kuatro, yaani gitaa dogo la nyuzi nne. Mapigo yake sita huhesabiwa tatu mara mbili, na papo hapo mbili mara tatu.

Midundo hii ilikutana na jazi katika mji wa wahamiaji, New York. Mario Bauzá wa Havana alihamia huko mwaka 1930, akapiga tarumbeta katika bendi za Weusi wa Harlem, zikiwamo za Chick Webb na Cab Calloway. Shemeji yake, Machito, aliunda bendi ya Afro-Cubans mwaka 1940; Bauzá akawa mwongozaji wake, na mwaka 1943 akatoa "Tanga", ambamo jazi inakwenda juu ya klave. Mwaka 1947 mpiga ngoma Chano Pozo alipanda jukwaa la Carnegie Hall pamoja na Dizzy Gillespie. Lugha ya kuzungumza hawakuwa nayo, ila ngoma ilitosha. Chano aliuawa Harlem mwezi Desemba 1948, akiwa na miaka 33.

Venezuela nayo haikubaki nyuma. Aldemaro Romero aliichanganya joropo na jazi katika mtindo uitwao Onda Nueva. Baadaye Edward Simon, mpiga piano aliyezaliwa Punto Fijo mwaka 1969 na kuhamia Marekani, alitoa "Venezuelan Suite" mwaka 2014.

Kuchanganya huku si kazi nyepesi. Jazi hupenda kutembea kwa nne, joropo hutaka tatu, na klave haisogei. Mpiga drams mmoja hulazimika kuzigawa sauti za ngoma tatu za kijijini baina ya mikono na miguu yake. Asiyeujua mdundo wa wazee wake barabara hana cha kuchanganya. Atabaki kuwafuata wenyeji tu.

Na sisi habari hii inatuhusu. Sahani za santuri za Kuba zilifika Kongo na Afrika Mashariki, wazee wetu wakazisikiliza. Kule Morogoro Salum Abdallah akaiita bendi yake Cuban Marimba. Leo watoto wetu wanafundishwa piano na saksafoni katika shule za ugenini, na hilo ni jema. Lakini ni nani nyumbani aliyewafundisha kupiga makofi ya msewe au ya chakacha? Wenye kuijua midundo hiyo bado tunao katika jamaa zetu, na umri wao ni mkubwa. Tuwaombe wawafundishe watoto sasa, wakati mikono yao ingali na nguvu.