Usinunue Mashine kwa Rangi

Wasee, mwezi uliopita nilikaribia kumwaga akiba ya miaka mitatu kwa sababu ya rangi. Rangi tu!

Mimi na anko tuna karakana ndogo hapa Kariobangi Light Industries. Kazi ikitaka kukerezwa, tunapelekea jirani mwenye lethi, na faida inabaki kwake. Tukaamua kununua yetu, mtumba, lakini lazima iwe na giaboksi ya kubadilisha haraka.

Kwani inasaidia nini? Bila hiyo, kila ukitaka kukata thredi tofauti unafungua kifuniko, unatoa gia, unapanga zingine ukifuata chati. Ukiwa nayo, unasongesha leva mbili tatu na kazi inaendelea. Mteja akiwa amesimama mlangoni na bolti imekatika, huo muda ndio pesa.

Tukapata moja ya zamani kutoka Uingereza. Kijani, inang'aa. Muuzaji akaiwasha, ikanguruma poa kabisa. Mimi tayari nimeshika simu nitume deposit.

Anko akaniambia, "Kijana, tulia kwanza."

Akaizima, akaweka leva nafasi ya kwanza, akaiwasha kwa spidi ya chini. Akazima tena, nafasi ya pili. Muuzaji ameanza kununa: "Mzee, hiyo iko sawa, mbona unapoteza muda?" Anko hata hakumjibu. Kufika nafasi ya sita tukasikia ka! ka! ka! Jino la gia lilikuwa limevunjika. Na gia ya mashine ya zamani hivyo huipati dukani. Utalipa fundi akuchongee.

Halafu akasukuma kigari kinachobeba kisu kutoka mwisho wa kitanda hadi karibu na taya. Huko mwisho kilikaza, karibu na taya kikacheza. Maanake kitanda kimelika pale kazi nyingi hufanyika. Hiyo hairekebishwi na rangi.

Mwisho akasoma chati: inchi tupu. Bolti zetu nyingi ni za milimita. M12 ya kawaida ina hatua ya milimita 1.75, na kuikata sawasawa kwa skrubu ya inchi unahitaji gia ya meno 127, kwa sababu inchi tano ni milimita 127. Tukauliza iko wapi. Haikuwepo. Sasa hapo haraka iko wapi?

Tukaondoka. Njiani nilikuwa na hasira, na si kwa muuzaji. Mimi ndiye nilikuwa na haraka.

Bado hatujapata mashine. Bado tunapelekea jirani kazi, na inauma kila Jumamosi tukipiga hesabu. Lakini akiba iko. Ukienda kununua mtumba wowote wenye gia, jaribu kila nafasi, hata muuzaji akinuna. Yeye atanuna dakika kumi tu. Wewe utakaa na hiyo mashine miaka.